Kibindo na Karatasi: Jinsi Watu wa Shuka Walivyochukua Vitu Vyao

Mtu aliyejifunga shuka hana mfuko. Neno hili ni jepesi kulisema, na labda kwa sababu ya wepesi wake wengi walioandika juu ya mavazi ya watu wetu wamelipita bila kuligusa. Wametueleza rangi ya nguo, bei yake, merikebu iliyoileta, na namna bibi harusi alivyopambwa. Hawakutueleza pesa ziliwekwa wapi, ugoro uliwekwa wapi, kisu kilichomekwa wapi, wala ufunguo wa kasha ulilala kwa nani usiku. Walakini hayo ndiyo mambo ambayo mvaaji mwenyewe aliyafikiri kila asubuhi kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kutoka Kisanga, katika Wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi. Nchi hii ni ya Wasagara na Wavidunda, watu wa milimani na mabondeni, wakulima wa mahindi na mtama. Mtu akiiona leo aweza kudhani kwamba ilikuwa pembeni mwa historia, lakini sivyo. Kaskazini yake ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, iliyokata mbuga ya Makata na kufuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Mpwapwa na Ugogo. Baadaye ikapita Reli ya Kati, na mashamba ya mkonge yakaenea Kilosa na Kimamba. Nguo za madukani, fedha na karatasi zilifika kwa njia hiyo, tena kwa mfuatano huo nilioutaja, na mfuatano huo ndio kiini cha maneno yangu. Wengi hudhani kwamba fedha ndiyo iliyowaletea watu wetu haja ya mfuko. Kwa maoni yangu sivyo. Fedha ilipata mahali pake katika nguo ya kujifunga bila shida kubwa. Kilichokosa mahali ni karatasi.

Yafaa kwanza tukieleze kibindo, kwani vijana wengi wa leo hulijua neno lakini kitu chenyewe hawakijui. Mwanamume huizungusha nguo kiunoni, akaupitisha upande mmoja juu ya mwingine mbele ya tumbo, kisha akaikunja sehemu ya juu kuelekea nje, mara mbili au tatu, mpaka ikawa kama ukanda mnene unaojishika wenyewe. Ndani ya mkunjo huo hufutikwa kitu kidogo: sarafu, kipande cha tumbaku, mbegu chache alizopewa na rafiki. Mkunjo huo ndio kibindo. Kitu kizito hakikai humo, kwa kuwa huivuta nguo ikafunguka. Chenye ncha hakikai, kwa kuwa kitamchoma mwenyewe akiinama. Na mtu akikimbia au akivuka mto yampasa aweke mkono juu ya kiuno. Kwa hiyo kibindo kilimlazimisha mtu kuchagua. Alichukua anachokihitaji siku ile, na vingine alivifungia nyumbani. Sisi wa suruali tunatembea na funguo ambazo hatukumbuki zinafungua nini.

Kibindo ni udogo wa bindo. Bindo ni nguo yenyewe iliyoinuliwa mbele kwa mikono miwili ikawa kama kapu. Mtu hukinga bindo akatiliwa mahindi, kunde au maembe, akarudi nayo nyumbani huku magoti yakionekana, na hapana aliyemcheka. Chombo hicho hakikuhitaji kununuliwa wala kukumbukwa. Mtu alikuwa amekivaa.

Wanawake walikuwa na njia yao, na kwa kweli ilikuwa bora zaidi. Kaniki, na baadaye kanga, ina pembe nne, na pembe moja yatosha kuwa benki. Mwanamke huweka sarafu kwenye pembe, akaisokota, akapiga fundo, kisha akalichomeka fundo lile ndani ya nguo upande wa ubavu au kifuani. Fundo hilo lina faida ambayo kibindo hakina: halifunguki bila mwenyewe kujua, na kulifungua huchukua muda. Aliyewahi kusimama gulioni akimngoja mama alegeze fundo kwa meno anajua kwamba muda ule ni sehemu ya biashara, kwani bei huweza kushuka mara mbili kabla fundo halijaachia. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nikitumwa dukani nilifungiwa shilingi kwenye pindo la shati, ingawa shati lile lilikuwa na mfuko mzima usiotoboka. Bibi aliyenituma hakuuamini mfuko. Alisema mfuko una mdomo wazi.

Tena fedha iliyofungwa pindoni ilikuwa fedha ya mwanamke mwenyewe. Mume aliweza kuiomba. Kuifungua kwa nguvu ilikuwa sawa na kumvua mkewe nguo, na aibu yake ilikuwa kubwa hivyo. Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwanamke wao hakukosa sauti juu ya shamba na mavuno yake. Fundo lile dogo lilikuwa mpaka wa mali yake, na kila mtu aliuona.

Upande wa pili wa doti ulichukua mizigo mikubwa zaidi. Mtoto alibebwa mgongoni kwa mbeleko. Nguo ilisokotwa ikawa kata ya kuweka kichwani chini ya mtungi. Mbegu zilifungwa furushi. Si ajabu kwamba katika ndoa za watu wa pwani zawadi mojawapo aliyopewa mama wa bibi harusi iliitwa ubeleko na nyingine mkaja. Ya kwanza ni jina la nguo ya kumbebea mtoto, na ya pili ni jina la nguo ya kufunga tumbo baada ya kuzaa. Mkwe alimlipa mama kwa zile nguo zilizombeba na kumhifadhi binti yake.

Yako mambo ambayo nguo haikuyaweza. Kisu kilihitaji ala na kamba ya kiunoni. Maji yalihitaji kibuyu. Dawa za mganga zilihitaji mkoba wa ngozi begani. Ugoro ulikaa katika kopo dogo la pembe au la mwanzi, ambalo watu wa pwani waliliita tabakero, neno lililoachwa na Wareno. Jirani zetu Wagogo walikuwa na akili nyingine kabisa: waliyatoboa masikio na kuyapanua mpaka ndewe ikaweza kushika kibuyu kidogo cha ugoro. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliyaandika masikio hayo kwa kustaajabu, na wengine kwa dharau. Lakini mtu asiye na mfuko, ambaye mikono yake ina mkuki na fimbo, amefanya nini cha ajabu kuuweka ugoro mahali ambapo mkono waufikia bila kutafuta?

Hapa yafaa tuwatazame wasafiri hao kidogo, kwani walipita katika nchi hii. Burton na Speke walipanda milima ya Usagara mwaka 1857, na Stanley alilifuata bonde la Mkondoa mwaka 1871. Mizigo ya misafara yao, kama misafara yote ya siku hizo, ilikuwa hasa nguo, shanga na nyaya. Nguo kubwa ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, ambao biashara yao ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya nchi yao na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoipunguza nguo hiyo, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Pamoja nayo ilikuwapo kaniki ya rangi ya nili. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ilikuwa upande au shuka moja, na mikono 8 ilikuwa doti.

Sasa tafakari. Shuka lilikuwa vazi na papo hapo lilikuwa fedha. Kwa shuka mtu alinunua kuku na unga, alilipa hongo kwa mtawala wa njia, alipata ujira wa upagazi. Mpagazi aliyebeba frasila mbili begani kwa ajili ya tajiri wake aliivaa akiba yake mwenyewe kiunoni, na akizidi kupata alijifunga nguo ya pili juu ya ya kwanza. Mgeni aliyemwona hana mfuko akadhani hana kitu. Ukweli ni kwamba mtu yule alikuwa amejifunga mkoba wake mwilini, na mkoba wenyewe ndio uliokuwa mali.

Baada ya nguo ikaja sarafu. Rupia ya fedha ilikuwa imekwisha kujulikana katika biashara ya pwani kabla ya Wajerumani, pamoja na pesa za shaba, 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao kwa heller 100, na kutoka neno hilo tumepata neno hela. Sarafu zote hizo zilikaa kibindoni na pindoni kama zilizozaliwa humo. Yako pia maendeleo yaliyomfaa sana mtu wa shuka: heller 10 iliyoanza kutolewa mwaka 1908 ilikuwa na tundu katikati, na heller 5 ya mwaka 1913 vilevile. Waingereza nao katika Afrika ya Mashariki walitoa senti 1, senti 5 na senti 10 zenye tundu, na wazee wengi bado wanazikumbuka: ndururu, na peni iliyokuwa kubwa kama kifuniko cha chupa. Watu walizitunga katika uzi kama shanga, wakazifunga kiunoni au wakazitundika ukutani. Tanzania ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966 hazikuwa na tundu. Kufikia wakati huo ilidhaniwa, nafikiri, kwamba kila mtu ana mfuko.

Basi fedha haikuleta taabu. Taabu ililetwa na karatasi, nayo iliingia katika nchi hii kwa mlango mbaya. Mwishoni mwa Novemba 1884 Carl Peters alifika Msovero, katika wilaya hii hii ya Kilosa, akamtia Mangungo alama katika karatasi ambayo Mangungo hakuweza kuisoma. Kwa karatasi hiyo na nyingine za namna hiyo, Peters alirudi Ulaya akadai kwamba amepewa Usagara na nchi za jirani, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaiwekea nchi ile hati ya ulinzi. Watoto wetu shuleni hufundishwa habari hiyo kama hadithi ya ulaghai, na ni kweli. Mimi naongeza jambo moja: karatasi ilikwenda na mgeni, katika sanduku la mgeni. Mwenye nchi alibaki na shuka lake, na ndani ya kibindo chake hamkuwa na ushahidi wowote wa lile alilolisema au asilolisema.

Tusiseme kwamba watu wetu hawakuijua karatasi kabisa. Waislamu wa pwani na wa njia ya misafara walikuwa wakiibeba karatasi mwilini tangu zamani kwa namna ya hirizi: maneno yaliandikwa, karatasi ikakunjwa ndogo sana, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa, ikafungwa shingoni au mkononi. Hiyo ilikuwa njia nzuri ya kuikinga karatasi na jasho na mvua. Ila hirizi haifunguliwi. Karatasi ya serikali, kinyume chake, yatakiwa kufunguliwa kila aitakapo askari, ikasomwa, ikakunjwa tena. Na hapo ndipo kibindo kiliposhindwa.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Waingereza waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na aliyekosa fedha aliweza kufanyishwa kazi badala yake. Aliyelipa alipewa stakabadhi. Siku hiyo mkulima wa Kisanga alipata mzigo ambao hajapata kuubeba: kitu chepesi kuliko jani, kisicholiwa wala kuvaliwa, kisichoweza kununua hata chumvi, lakini akikipoteza atalipa mara ya pili au atakamatwa. Na kitu hicho kilikuwa kikiogopa kila kilichomo katika maisha yake. Kiliogopa jasho la shambani, umande wa njiani, mto wa kuvuka, mchwa wa nyumbani na moshi wa darini. Kukifutika kiunoni wakati wa kulima ni kukifanya ugali. Kukiacha nyumbani ni kutembea bila ushahidi.

Katika mashamba ya mkonge mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na ujira ulilipwa nafasi zote zilipojaa. Kadi ikiloa na alama zikafutika, jasho lile lile lililoifanya kazi ndilo lililoufuta ushahidi wake. Huko Kenya jambo hili lilifikishwa mwisho wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuchukua kipande cha kitambulisho chenye alama za vidole, na kwa kuwa wengi hawakuwa na mfuko wa kukitia, kiliwekwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wenyewe walikichukia, wakasema wamefungwa kengele kama mbuzi. Serikali ile ilikwisha kujua kwamba nguo ya mwananchi haina mahali pa karatasi yake. Haikubadili karatasi, ilimtundikia mtu kopo.

Huku kwetu hapakuwa na kopo la sheria, na watu walijitafutia. Mwanzi uliokatwa kati ya vifundo viwili na kuzibwa kwa kitambaa, kopo la dawa, mfuko mdogo wa ngozi shingoni, yote yalifaa. Lakini dawa iliyoenea ilikuwa kaptula ya kaki na shati lenye mifuko miwili kifuani. Askari na makarani walitangulia kuzivaa, na vijana waliorudi kutoka mkongeni walizileta vijijini. Ni kweli kwamba vijana walizipenda kwa umaridadi, na sisemi kwamba fahari haikuwamo. Ila mtazame mzee wa siku zile aliyekataa suruali maisha yake yote: juu ya msuli wake alivaa koti kuukuu, hata wakati wa jua kali, na ndani ya koti lile, upande wa moyo, zilikuwamo stakabadhi zake zote zimefungwa kwa uzi. Koti halikuwa vazi. Lilikuwa kasha la karatasi lenye mikono.

Wala tusidhani kwamba ni watu wetu tu waliopata shida ya kukosa mfuko. Wajapani waliovaa kimono walitundika visanduku vidogo kwenye mshipi. Wanaume wa milima ya Scotland, ambao vazi lao la kujifunga ni nguo ya mirabamiraba iishiayo magotini, huvaa mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele, waitao sporani, na kisu kidogo hukichomeka katika soksi. Mkoba huo ni kibindo kilichotengwa na nguo. Watu hao nao walipata kukatazwa vazi lao: baada ya maasi yao kushindwa, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 ya kupiga marufuku mavazi ya milimani, na haikufutwa mpaka mwaka 1782. Leo vazi hilo hilo huvaliwa katika harusi na sherehe za heshima.

Nasi hatuna budi kusema kwamba jambo kama hilo lilitokea kwetu, tena baada ya Uhuru. Mwaka 1967 na 1968 viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na wavae suruali, na wengine walikatazwa hata kupanda basi. Nia iliyotajwa ilikuwa maendeleo. Ilikuwa ajabu kidogo, kwa sababu nchi ilikuwa imeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 kwa madhumuni ya kurudisha heshima ya mila zetu. Kampeni ilipita, na lubega likabaki. Katika Kilosa Waparakuyo bado wanalivaa, pamoja na mshipi wenye sime na mfuko mdogo wa ngozi, na hawajapata kumwomba mtu awashikie vitu vyao.

Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, na kwa miaka kadhaa mkulima aliweza kwenda gulioni bila stakabadhi mwilini. Kodi ya maendeleo ikaja mwaka 1984 na karatasi ikarudi pamoja nayo, na watu wakakamatwa tena njiani, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Muda wote huo neno kibindo liliendelea kufanya kazi mbali na kiuno: magazeti ya michezo huandika kwamba timu fulani imetia kibindoni pointi tatu, ingawa wachezaji wenyewe huvaa bukta zisizo na kibindo wala mfuko.

Siku ya gulio, katika vijiji vya upande wa Mikumi, mwanamke aliyejifunga kanga huchukua simu yake kifuani au kiunoni, na tangu mwaka 2008 simu hiyo yaweza kuwa na fedha ndani yake. Kitambulisho cha Taifa, kilichoanza kutolewa mwaka 2013, ni kadi ngumu ya plastiki. Hukifunga katika pembe ya nguo pamoja na noti za mauzo ya asubuhi, akakaza fundo, akalichomeka ubavuni, akajitwika kapu. Akifika mtoni huvuka maji yakiwa kiunoni, na ng'ambo ya pili hulegeza fundo kwa meno, akazianika noti juu ya jiwe. Kadi huipangusa tu.